Uchungu umeanza au bado? Wiki zangu za mwisho za mimba, Pasua, Moshi

Jamani wadada mlioko wiki ya 37 kwenda mbele, hii ni ya kwenu. Nikiwa na tumbo langu nilitamani sana mtu aniambie mapema kwamba ule muda wa kutojua kama uchungu umeanza au bado nao ni sehemu ya kujifungua, unaweza ukaenda hata siku kadhaa, na sio lazima uwe na jibu ndo uupite salama. Cha lazima ni kujua vitu vichache visivyosubiri. Hivyo ukishavishika vizuri, mengine yote yaache yaende yanavyoenda, wewe kula na ulale.

"Ukifika utajua", ndo kila mtu alichoniambia. Mama mkwe, dada anayenisuka pale Mbuyuni, mama wa duka la jirani, wote hivyo hivyo. Na kweli ule mkubwa ukifika unaujua, hamna wa kukuuliza. Ila kabla ya huo mkubwa kuna ule unaokuja unakata, unakuja unakata, usiku unaamini kabisa leo ndo leo alafu asubuhi unaamka tumbo limetulia unafagia uwanja. Huo hakuna aliyenisimulia, nadhani kwa sababu mtu akishajifungua anausahau, mtoto anafunika yote.

Mimi nakaa Pasua, Moshi mjini, ilikuwa mimba ya kwanza na ilikuwa mwezi wa nne, masika yenyewe. Mnaopajua mnajua mvua ikipiga usiku kucha njia zetu zinakuwaje, maji yamejaa, matope, bodaboda wamezima simu wamelala. Kwa hiyo uoga wangu haukuwa wa uchungu peke yake, nilikuwa naogopa uchungu wa saa nane usiku na mvua inanyesha. Nashukuru kliniki nesi alitukalisha akatuuliza mmoja mmoja: nani atakupeleka, kwa usafiri gani, hela iko wapi, nani atakusindikiza, na ikitokea unahitaji damu nani atakutolea. Lile swali la damu lilinishtua kidogo ila nikaona lina maana, kutokwa damu baada ya kuzaa ni moja ya vitu vinavyoua wamama wengi na hautafuti mtu wa kutoa damu saa hiyo ndo unaanza kupiga simu. Basi mume wangu akaongea na kaka mmoja wa bajaji anayepaki karibu na kwetu, wakakubaliana nauli ya usiku kabisa, akatafuta na wa pili wa akiba. Begi likafungwa, vitenge, kanga, glovu, pamba, mpira wa kutandika, nguo za mtoto, kadi ya kliniki juu kabisa ambapo hata mtu mwingine akifungua anaiona. Na mimi kuanzia hapo ndo nikaanza kupata usingizi. Kumbe nusu ya ile presha ya usiku ilikuwa ni ya usafiri tu.

Tuje kwenye tarehe, maana hii ilinitesa kuliko hata tumbo. Ile tarehe ya kwenye kadi wanaipata kwa kuchukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho alafu wanahesabu siku 280, ndo wiki 40 zenyewe. Sasa hesabu hiyo inamchukulia kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28, na wengi wetu hatuko hivyo. Mimi kadi ilikuwa inasema siku yake, utrasaundi niliyopiga mwanzoni mwanzoni ikasema nyingine, na ile niliyopiga mimba ikiwa kubwa ikaja na ya tatu. Nikamuuliza daktari niifuate ipi akaniambia ile ya mapema, kwa sababu mtoto akiwa bado mdogo tumboni vipimo vinakaribiana kwa watoto wote, ila akishakuwa mkubwa kila mtoto ana umbo lake, kwa hiyo ile ya mwisho inaweza kupishana na ukweli hata wiki tatu. Na zaidi ya hapo akasema mtoto akizaliwa popote kuanzia wiki 37 mpaka kabla ya 42 yuko ndani ya muda, wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa ni wachache sana, ila nikigusa wiki ya 41 bila uchungu nisikae nyumbani kusubiri, nije wanione wapange namna ya kuuanzisha.

Ushauri wangu hapa, usiwatajie watu tarehe. Sema mwishoni mwa mwezi, sema mwezi wa tano huko mwanzoni. Mimi niliwatajia kwa furaha tu ya mimba ya kwanza na siku ilipopita simu haikupumzika. Mashangazi, mawifi, kina mama wa jumuiya, "bado tu?", "vipi huko?", "usije ukapitiliza". Wanauliza kwa upendo, hilo nalijua na siwalaumu. Lakini ukiwa na miguu imevimba na umeamka mara kibao kukojoa, ile "bado" inaingia kama vile kuna kazi umeshindwa kuifanya. Mume wangu akaandika meseji kwenye grupu la familia kwamba habari ikiwepo ataitoa yeye, simu za mama zipumzike, na simu yangu akaishika yeye jioni. Kitendo kidogo lakini kilinisaidia sana kiakili.

Haya, dalili zenyewe. Ya kwanza ni tumbo kukaza. Linakaza lote, unaligusa liko gumu kama paji la uso, alafu linaachia. Kwangu lilianza mapema tu ila wiki za mwisho likawa kila jioni, hasa nikiwa nimesimama sana jikoni au sijanywa maji. Hii wanaiita uchungu wa uongo, hospitalini utasikia wanasema Braxton Hicks, ni jina la daktari wa Uingereza aliyeielezea mwaka 1872. Mimi "uongo" siupendi kwa sababu mwili haudanganyi, unafanya mazoezi na mlango wa kizazi unalainika taratibu, na mama akiumwa usimwambie anajisikilizia. Nesi alinifundisha namna ya kuipima bila kupaniki, na ndo niliyoitumia mpaka mwisho: kojoa kwanza, maana kibofu kikijaa nacho kinachokoza tumbo. Kunywa maji vikombe viwili. Kama ulikuwa umesimama lala ubavu wa kushoto, kama ulikuwa umelala amka utembee. Oga maji ya uvuguvugu. Ikipita saa moja limetulia, basi sio leo. Uchungu wenyewe haujali umelala wala umesimama, unatoka mgongoni unazunguka kuja mbele, na kila saa inavyokwenda unakuwa mrefu zaidi, mkali zaidi na unakaribiana zaidi.

Na ukihesabu hesabu kuanzia mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, watu wengi wanahesabu kuanzia unapoisha. Tulikuwa tunaandika kwenye daftari, saa umeanza, saa umeisha. Ukiangalia daftari unaona kabisa, dakika 12, dakika 7, dakika 20, dakika 9, hamna mpangilio, basi tunazima taa tunalala. Kwa mimba ya kwanza kama nyumbani sio mbali walituambia tuondoke ukiwa unakuja kila dakika 5, unakaa kama dakika nzima, na imekuwa hivyo kwa saa nzima. Uzao wa pili na kuendelea usisubiri hiyo, huwa inakwenda haraka. Na anayekaa mbali, sijui Uru juu huko au Same ndanindani, hesabu yake ni nyingine kabisa, bora ahamie kwa ndugu wa mjini wiki zile za mwisho. Hospitali zingine zina sehemu ya wajawazito kusubiria, uliza kliniki yako mapema.

Ya pili, mtoto alishuka. Siku moja nikaamka nahema vizuri, kiungulia kimepungua, ila nikitembea nasikia uzito huku chini na kukojoa ndo kila saa. Mama mkwe akaniangalia tu akasema tumbo limeshuka. Nikafurahi nikajua kesho. Wapi! Kwa mimba ya kwanza mtoto anaweza kushuka wiki kadhaa kabla.

Ya tatu ute. Huu ulinichanganya. Ni ute mzito unaovutika, wakati mwingine una michirizi ya pinki au kahawia, ndo uliokuwa umeziba mlango wa kizazi miezi yote. Ukitoka ina maana mlango unaanza kujiandaa, lakini kutoka leo na kuzaa leo ni vitu viwili tofauti, kuna ambao unatoka na wanakaa siku nyingi tu. Cha kuangalia ni damu. Michirizi kwenye ute sawa. Damu nyekundu inayotiririka kama ya hedhi au zaidi, iwe na maumivu au bila maumivu, hiyo hamna kunywa maji wala kulala ubavu, ni hospitali muda huo huo, inaweza kuwa kondo la nyuma limekaa vibaya au limeachia.

Alafu maji. Kwenye muvi chupa inapasuka mwaaa sakafu nzima. Wengine kweli inawatokea hivyo, ila yanaweza pia kuvuja kidogo kidogo ukadhani mkojo umekuponyoka, maana wiki za mwisho mkojo nao unaponyoka ukicheka au ukikohoa. Mimi ilinitokea hiyo ya kuwa na unyevu sielewi ni nini. Nikavaa pedi safi, nikakaa kama nusu saa, nikaangalia. Mkojo una harufu yake unaijua na ukishatoka umetoka. Maji ya uzazi hayana ile harufu, na ukisimama yanaendelea kutoka, huwezi kuyabana. Yangu yalikuwa mkojo. Yangekuwa maji ningeenda hata bila uchungu wowote, kwa sababu chupa ikishapasuka mlango uko wazi kwa wadudu na wanatakiwa wajue ilipasuka saa ngapi. Na yakiwa ya kijani au kahawia usisubiri hata dakika, mtoto amejisaidia humo ndani. Ukiwa huna uhakika nenda wakuangalie, hamna atakayekudai kwa kuuliza.

Sasa usiku ule. Ilikuwa imenyesha mchana kutwa, jioni tumbo likaanza, nikafanya yote, maji, kuoga, kutembea chumbani, wala halikuachia. Daftari likaanza kuonyesha dakika 8, 7, 8, 6. Kaka wa bajaji akaja na mvua yake tukaenda. Nesi wa zamu akanipokea vizuri, akasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, akapima presha, akanipima njia. Mlango wa kizazi umefunguka sentimita 2 tu. Presha nzuri, mtoto mzima, chupa haijapasuka. Akanishauri nirudi nyumbani.

Hapo moyo ulishuka jamani. Nilikuwa nimeshaaga nyumbani, mume ameshamwambia mama yangu aje. Lakini yule nesi alikaa akatuelewesha, na maneno yake ndo yamefanya niandike yote haya. Akasema mama, una uchungu wa kweli, usije ukadhani umenidanganya, ila huu ni uchungu wa mwanzo. Mlango unalainika na kufupika kwanza ndo ufunguke, na kwa uzao wa kwanza hiyo kazi haina saa yake, inaweza kuchukua masaa mengi, hata siku. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 linasema hivyo hivyo, uchungu uliokolea unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kipindi cha kabla ya hapo hakina muda maalumu uliowekwa kwa sababu wanawake tunatofautiana mno. Kama mama ni mzima na mtoto ni mzima hamna sababu ya kumharakisha. Na yule nesi akasema ukikaa wodini tangu sasa hutalala, utakuwa unasikia wenzako wanavyolia, hutakula vizuri, ukifika kwenye kusukuma umeshaisha nguvu.

Alafu akanipa vitu vya kuondoka navyo. Ukienda chooni unaweza kuona damu kidogo ya kahawia kwa sababu nimekupima njia, usishtuke, ila ikiwa nyekundu na nyingi rudi. Mtoto lazima aendelee kucheza. Hili naomba mlishike kwa mikono miwili, kuna watu watakuambia mtoto akikaribia kuzaliwa anapunguza kucheza kwa sababu nafasi imekwisha. Sio kweli. Anaweza kubadilisha namna, badala ya kurusha mateke anajigeuzageuza, lakini anatakiwa acheze kama kawaida yake mpaka ndani ya uchungu. Ukiona amepoa, hajachezacheza ulivyomzoea, nenda, hata iwe saa tisa usiku. Na kichwa kikiuma sana kisiachie, ukaona maluweluwe, uso ukavimba ghafla, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, nenda, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba inayoleta kifafa. Nilimwomba mume wangu aandike yote kwenye daftari lile lile la dakika.

Tukarudi. Mama yangu alifika alfajiri kutoka Uru na ndizi mshale zake na maziwa. Mama ni wa zamani, yeye alitaka nitembee, mtoto ashuke. Nesi alisema usiku lala, mchana tembea, usitembee usiku kucha ukidhani unaharakisha. Tukapatana hivyo. Mchana tulikuwa tunatoka taratibu, tunafika mpaka kwa shangazi mtaa wa pili, tumbo likikaza nasimama nashika ukuta navuta pumzi kwa pua natoa kwa mdomo, likiachia tunaendelea na maongezi. Mama anaongelea kahawa, migomba, jirani aliyefiwa. Hakuniuliza vipi unajisikiaje kila dakika, na ilinipumzisha kuliko panadoli. Usiku nalala, nikiamshwa na tumbo nasimama, nayumbisha kiuno, mume ananikanda mgongo chini kwa kiganja kwa nguvu, narudi kulala. Kula nilikula hata pasipo hamu, mtori mwepesi, uji, chai ya maziwa, parachichi. Mwili unaenda kufanya kazi kubwa na ukitapika baadaye angalau kuna akiba.

Jirani mmoja alileta dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu, kwa nia njema kabisa. Mama alimshukuru akaiweka pembeni na hatukuitumia. Nawasihi hata nyie, hizi dawa hamna anayejua kipimo chake, zinaweza kulibana tumbo bila kuliachia, mtoto akakosa hewa, na kizazi kinaweza kuchanika. Hata hospitalini wakikuwekea dripu ya kuongeza uchungu wanahesabu matone na wanasikiliza moyo wa mtoto muda wote. Kama ni kunywa, kunywa chai yako ya tangawizi ya kawaida basi.

Na kulia nililia. Niseme ukweli, kuna jioni nilikaa kitandani nikalia kwa sababu tumbo lilikuwa limekata kabisa baada ya kuuma tangu asubuhi, nikaona kama narudi mwanzo. Siamini kwamba nilirudi mwanzo. Ile kazi ya kulainika ilikuwa inafanyika, nilivyorudi kupimwa nilikuwa nimefika sentimita 6 na nesi akasema mlango umekuwa laini sana. Usiku ule wa mwisho hata daftari hatukumaliza kuandika, nilikuwa siwezi kuongea tumbo likija, siwezi kujibu mtu, na hapo ndo nikaelewa ile "utajua" yao. Mtoto wa kike, alizaliwa kabla jua halijapanda, mzima, analia kwa sauti.

Sasa hivi wifi yangu wa Kiborloni yuko wiki ya 38 na juzi usiku akanipigia, wifi tumbo linakaza linaachia nifanyeje. Nikamuuliza mtoto anacheza? Anacheza. Damu? Hamna. Maji? Hamna. Kichwa? Hakiumi. Nikamwambia kojoa, kunywa maji, lala ubavu, na kama jibu moja kati ya hayo likibadilika usinipigie mimi kwanza, mpigie wa bajaji. Akasema wa bajaji hajaongea naye bado. Basi jana mume wangu amepanda Kiborloni, wamempata kijana mmoja anayelala jirani kabisa, nauli ya usiku wameshakubaliana, na namba yake imebandikwa mlangoni kwa ndani.